Kidonda cha Msamba Baada ya Kujifungua: Maji Yachemke, Kidonda Kisipikwe



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo kina mama huambizana kwa kunong'ona, na kina baba aghalabu hawaambiwi kabisa. Ni kidonda anachobaki nacho mwanamke sehemu za siri baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida.

Mwaka juzi binti ya dadangu alijifungua mwanawe wa kwanza. Anaishi Langas, mtaa mkubwa ulio kusini mwa Eldoret, alikomfuata mumewe aliye fundi wa magari. Sisi tuko Mombasa. Dadangu miguu haimwezeshi safari ndefu, na mimi kazi zilinifunga kwa siku sita. Kwa hivyo arubaini ya binti yetu ilianza kwa simu. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alijitolea kumkanda. Nikampigia nikamwelekeza kama nilivyoelekezwa mimi nilipokuwa mzazi: "Maji yawe ya moto hasa, mama. Akilia mwache alie, ndiyo dawa."

Nilipofika Langas usiku wa saba, nilimkuta binti amelalia ubavu, uso kauelekeza ukutani, mwili unachemka. Nilipomuuliza alisema, "Ni uchovu tu, mama mdogo." Hadi alfajiri, mumewe alipotoka kwenda msikitini, ndipo aliposema: "Kinanuka. Naona haya kukuonesha."

Nyuzi zilikuwa zimeachia na ngozi imebabuka. Hospitalini walimlaza, wakasafisha kidonda, wakampa dawa kupitia mshipa, na kidonda kikaachwa kijifunge polepole kutoka ndani. Alipona, alhamdulillahi, lakini ilichukua majuma mengi. Muuguzi aliuliza swali moja tu: nani alisema maji yawe moto namna ile? Nikajibu kwamba ni mimi.

Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, si ya uuguzi. Lakini tangu siku ile nimekaa na wakunga na kusoma miongozo, nikakusanya haya yafuatayo yawe mkononi mwa kila nyumba yenye mzazi. Hayachukui nafasi ya mkunga aliyekuona kwa macho yake.

Msamba ni wapi, na hupata kidonda gani

Msamba ni sehemu iliyo baina ya uke na njia ya haja kubwa. Mtoto anapopita, sehemu hiyo hutanuka sana, na mara nyingi huchanika, hasa kwa uzazi wa kwanza, mtoto akiwa mkubwa, au akivutwa kwa vifaa. Wakati mwingine mkunga huikata kwa mkasi ili mtoto apite. Hiyo ndiyo tunayoiita "kuongezwa njia". Zamani hospitali nyingi zilimkata karibu kila mzazi wa kwanza. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba haifai kuwa desturi kwa kila mama; ikatwe pale tu penye sababu. Una haki ya kuelezwa sababu hiyo na kuombwa ridhaa.

Kuchanika kuna daraja nne:

- Daraja la kwanza ni ngozi peke yake. Mara nyingine hata haishonwi.
- Daraja la pili hufika kwenye misuli ya msamba. Hushonwa.
- Daraja la tatu hufika kwenye msuli unaofunga njia ya haja kubwa.
- Daraja la nne hupita msuli huo hadi utando wa ndani wa njia ya haja.

Daraja la tatu na la nne hushonwa na mtaalamu, na mama hupewa dawa za kuzuia maambukizi pamoja na za kulainisha choo. Hizi si za kutibiwa nyumbani wala kwenye duka la dawa.

Kabla hujatoka hospitalini, uliza mambo matatu: nimechanika daraja gani, nyuzi ni za kuyeyuka au za kutolewa, na nirudi lini? Nyuzi za siku hizi aghalabu huyeyuka zenyewe, kwa hivyo ukiona vipande vidogo kwenye pedi baada ya wiki mbili tatu, nawe huna maumivu mapya, usishtuke.

Siku tatu za mwanzo

Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua. Usiharakishe kuondoka kwa sababu ya wageni wanaosubiri nyumbani.

Siku hizi za mwanzo kidonda kimevimba, na kinachokituliza ni ubaridi. Chukua kitambaa safi, kilowanishe kwa maji ya baridi yaliyokwisha chemshwa, ukiweke juu ya msamba kwa dakika kumi hadi ishirini. Ukiwa na barafu, izungushie kitambaa, isiguse ngozi. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake wageni wa kutoka Pwani tunaijua. Maji yaliyochemshwa jioni yakalazwa ndani ya sufuria yenye kifuniko, alfajiri huhitaji friji.

Kwa maumivu, paracetamol ndiyo ya kuanzia, na mama anayenyonyesha anaweza kuitumia: vidonge viwili vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, visizidi mara nne kwa saa 24. Aspirini iache unaponyonyesha. Dawa nyingine yoyote muulize mkunga kwanza.

Mkojo nao usiuzuie. Mama asiyeweza kukojoa kabisa saa sita baada ya kujifungua amwambie muuguzi. Ukichoma, mimina maji ya vuguvugu juu ya msamba huku unakojoa. Mkojo huchanganyika na maji na makali hupungua.

Kusafisha: kisa cha maji ya Langas

Nyumba nyingi za Langas hutegemea visima vifupi vilivyochimbwa uani, na uani humo humo ndimo kilimo choo cha shimo. Mwaka 2007 watafiti Elizabeth Kimani-Murage na Augustine Ngindu walichapisha uchunguzi wao kuhusu maji ya mtaa huu. Sampuli zote za visima vifupi zilikuwa na bakteria, na karibu zote zilikuwa na zile zinazoashiria kinyesi. Si Langas tu. Mtu wa Kisauni au Likoni anayechota kisimani karibu na choo cha shimo yuko katika hali ile ile.

Basi bibi zetu hawakukosea kuweka sufuria motoni. Maji ya mzazi lazima yachemke. Kosa letu ni kuyapeleka kwenye kidonda yakiwa bado na moto ule. Moto ni wa kuua vijidudu ndani ya sufuria. Ukifika kwenye ngozi iliyovimba na nyuzi mbichi huunguza, na hapo vijidudu vimefunguliwa mlango mpya.

Fanya hivi:

1. Chemsha maji mpaka yatokote, yafunike, uyaache yapoe yenyewe. Usiyapoze kwa kuongeza maji mabichi ya kisima.
2. Yajaribu kwa kiwiko cha mkono, kama unavyojaribu maji ya kumwogesha mtoto. Maji ambayo hungeyamimina juu ya mtoto, usiyamimine kwenye kidonda.
3. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda au kubadilisha pedi, na baada yake.
4. Mimina maji kutoka mbele kwenda nyuma. Wakati wa kuchamba pia, mbele kwanza, nyuma mwisho, ili uchafu wa haja kubwa usifike kwenye nyuzi.
5. Kausha kwa kugusa gusa kwa kitambaa safi. Usisugue.
6. Rudia kila unapotoka haja, na angalau mara mbili kwa siku.

Sisi tuliozoea kutumia maji chooni tuna bahati, maana nusu ya kazi tunaijua tangu utotoni. Lililobaki ni kuhakikisha maji yenyewe na kopo lake ni safi.

Sabuni kali, spiriti na dawa za kuua vijidudu zisiende kwenye kidonda. Chumvi si lazima. Usipake dawa ya meno, majivu, mafuta ya habasoda wala majani yaliyotwangwa, na usifungue kapsuli ya antibiotiki ukanyunyiza unga wake. Kidonda hiki kinahitaji maji safi, ukavu na muda.

Kukandwa, mkaja na mafusho

Sisemi arubaini ife. Mwanamke kupumzishwa, kupikiwa, kufuliwa na kushikiwa mtoto ni hazina ambayo wengi wa majirani zetu wa bara wanatuonea gere. La muhimu ni kujua kipi kinasaidia na kipi kinaumiza.

Kukandwa mgongo, mabega na miguu kwa taulo ya maji ya moto ya kiasi hakuna neno. Mkandaji aishie hapo: kidonda asikikande, na tumbo asiligandamize kwa nguvu. Naye anawe mikono kwa sabuni, hata akiwa ni mama mkwe. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa wodi ya wazazi mjini Vienna waoshe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa kina mama, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka sana. Mikono ile ilikuwa ya wasomi, na bado ilikuwa inaua.

Mkaja ufungwe kwa wepesi, mama aweze kupumua na kuinama bila taabu. Ukikazwa sana husukuma uzito wote chini, na chini ndiko kwenye kidonda. Kuchutama juu ya chungu cha mvuke au chetezo cha makaa ni hatari ya kuungua. Udi ufukizwe chumbani na kwenye nguo, kando na mtoto.

Chakula na haja kubwa

Hakuna kinachoogopwa kama haja kubwa ya kwanza. Mama huogopa nyuzi zitakatika, hujizuia, choo huwa kigumu, na hofu huzidi. Nyuzi zilizoshonwa vizuri hazikatiki kwa choo laini. Kinachofanya choo kiwe laini ni maji mengi, matunda na mboga.

Supu ya mbuzi na uji wa pilipili manga havina ubaya, lakini havitoshi. Ongeza papai, parachichi, maharagwe, sukuma wiki na managu, vitu ambavyo soko la Langas halivikosi. Vidonge vya kuongeza damu vinaweza kukaza choo. Usiviache, ongeza maji, na choo kikiwa kigumu mwambie mkunga. Unapokwenda haja, weka kitambaa safi au pedi mpya juu ya msamba ukiushikilia kidogo, usisukume kwa nguvu. Choo cha shimo cha kuchutama kikikuumiza, ndoo safi yenye kifuniko iliyowekwa chumbani si aibu.

Kuketi, kubeba na vitambaa

Lala ubavu unapopumzika na hata unaponyonyesha. Tembea kidogo kidogo ndani ya nyumba ili damu izunguke. Usikae kwenye kigoda kifupi ukifua, usipande ngazi na mtungi wa lita 20. Mume, mzigo huo ni wako kwa wiki hizi sita.

Pedi ibadilishwe kila saa nne hivi, au mapema ikilowa. Anayetumia vitambaa avifue kwa sabuni na kuvianika juani, si kuvificha chini ya godoro kwa kuona haya. Msimu wa mvua Eldoret jua ni la kubahatisha, na kitambaa chenye unyevu ni nyumba ya vijidudu. Kipige pasi ya moto pande zote mbili, hata iwe pasi ya makaa, mpaka kikauke kabisa.

Kidonda cha daraja la kwanza na la pili maumivu yake hupungua siku hadi siku, na kwa kawaida hufunga ndani ya wiki mbili hadi nne. Kinachokwenda kinyume, yaani maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hicho si cha kusubiri.

Nifasi, swala na tendo la ndoa

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa Pwani tunaifuata, nifasi kwa kawaida ni siku 40 na upeo wake ni 60. Damu ikikatika kabla ya hapo, mama hukoga na kuswali. Akishindwa kusujudu kwa maumivu, dini imempa nafasi ya kuswali kwa kadiri ya uwezo wake.

Lakini damu kukatika ni jambo moja, na kidonda kupona ni jambo jingine. Siku ya 41 si ruhusa ya lazima ya kurudi kitandani. Kabla ya tendo la ndoa kidonda kiwe kimefunga, maumivu yawe yamekwisha, na mke mwenyewe awe tayari. Ikiwa bado kunauma, aangaliwe, asivumilie. Mjue pia kwamba mimba inaweza kuingia kabla hedhi haijarudi, kwa hivyo mazungumzo ya uzazi wa mpango yaanze mapema.

Dalili za kwenda hospitali leo, si kesho

- Homa, baridi au kutetemeka.
- Usaha au harufu mbaya kutoka kwenye kidonda au ukeni.
- Maumivu, uvimbe au wekundu unaoongezeka.
- Nyuzi kuachia au kidonda kufunguka.
- Damu inayolowesha pedi nzima kwa saa moja au chini yake, au mabonge makubwa ya damu.
- Kushindwa kukojoa.
- Mkojo, choo au upepo kutoka bila wewe kujizuia.
- Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, degedege, kifua kubana au mguu mmoja kuvimba.

Ukiwa Langas, anza na kituo cha afya kilicho karibu ikiwa hali ni ya kuuliza. Ikiwa kuna homa, harufu au damu nyingi, usipoteze saa: nenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, yenye hospitali ya kina mama na watoto iitwayo Riley. Kwa walio Mombasa iko Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani. Anayevuja mkojo au choo wakati wote baada ya uzazi mgumu huenda ana fistula, na inatibika. Eldoret iko hospitali ya Gynocare, iliyoanzishwa na Dkt. Hillary Mabeya, inayoshughulikia maradhi hayo hasa. Na mwanamke aliyekeketwa amwambie mkunga mapema, wakati wa kliniki za ujauzito, kwa sababu kovu hilo huongeza hatari ya kuchanika, naye mkunga atajiandaa.

Mtoto ana kliniki, na mama je?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linataka mama aonwe angalau mara tatu baada ya zile saa 24 za mwanzo: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Kwetu mara nyingi wiki ya sita humpeleka mtoto kliniki, mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa, na mama hurudi nyumbani bila mtu kumuuliza kidonda chake kikoje. Basi usisubiri kuulizwa. Sema: "Sista, na mimi naomba uniangalie." Ukiona haya kusema mbele ya watu, omba chumba. Ukitaka mhudumu mwanamke, omba. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba naye mwambie, hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Na nyinyi kina baba, hiki si kitu cha wanawake peke yao. Mume wa binti yetu aliniambia baadaye kwamba siku ya tano alisikia harufu, akanyamaza asije akamtia mkewe aibu. Mkewe naye alinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Jirani alimwona akilia kila akandwapo, akanyamaza kwa sababu mimi nilimwambia kulia ndiyo dawa. Watu wanne tulikuwa tunajua kipande kipande, na hakuna aliyesema.

Binti huyo sasa ana mimba ya pili. Wiki iliyopita alinipigia simu kutoka Langas. "Mama mdogo," akasema, "safari hii njoo mapema. Na maji nitayajaribu kwa kiwiko changu mwenyewe."

Nimekwisha kata tiketi. Wabillahi tawfiq.